Nyumba ya Bibi, Majengo

Alhamisi

18:52 Shangazi Zainabu: Asalaam aleikum jamaa. Nimetoka kwa Bibi sasa hivi. Presha 150 kwa 90, dawa amekunywa, amekula muhogo. Sasa nina swali. Idi, nimeambiwa na mtu baki, tena nikiwa dukani nimeshika unga mkononi, kwamba ile kazi ya Dubai umeikataa. Ni kweli au ni maneno ya watu?

18:54 Rukia: 👀

18:54 Shangazi Zainabu: Rukia weka simu chini ukasome.

18:57 Hamisi: Waaleikum salaam Shangazi. Idi saa hii yuko ndani ya matatu, na mvua hii, kufika Utawala mpe saa mbili 😂

19:03 Ami Athumani: Zainabu, mambo ya mtu mpigie simu.

19:04 Shangazi Zainabu: Nimempigia mara nne. Na haya si mambo ya mtu. Dirhamu 11,000 kwa mwezi ni mambo ya ukoo. Kijana wa M-Pesa amenifanyia hesabu, dirhamu moja ni kama shilingi 35. Zidisha mwenyewe.

19:05 Hamisi: 385,000. Na kule mshahara haukatwi kodi. Hapa ungelipwa hizo, kabla hujazigusa zingekuwa zimeshapita kwa kodi ya mapato, bima ya afya ya SHIF 2.75 kwa mia, nyumba za serikali 1.5 kwa mia, akiba ya uzeeni ya NSSF...

19:06 Shangazi Zainabu: Umesikia Athumani? Hazikatwi!

19:08 Shangazi Zainabu: Mimi sababu naijua. Ukioa mwalimu, saa kumi yeye yuko nyumbani na anataka kila mtu awe nyumbani. Mume hafungiwi ndani kama kuku wa mayai.

19:09 Shangazi Zainabu: Tangu siku ya posa nilisema yule msichana ni mpole lakini ana yake

19:10 Rukia: Mama

19:10 Rukia: Mamaaa

19:10 Shangazi Zainabu: Nini?

19:11 Rukia: Salma yumo humu. Tangu Ramadhani.

19:11 Ujumbe huu umefutwa

19:11 Ujumbe huu umefutwa

19:13 Salma: Shikamoo Shangazi. Nilishasoma, usihangaike kufuta.

19:13 Hamisi: Wacha mimi nikaoge.

19:16 Salma: Sikumzuia. Barua ilipokuja mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilichukua daftari la zamani la Nasra, nikapiga hesabu kwenye jalada la nyuma: mwaka mmoja tunamaliza deni la ploti ya Joska, mwaka wa pili kuta, wa tatu tunaezeka. Mkataba ni wa mtu mmoja, chumba cha kampuni, kwa hiyo mimi na mtoto tungebaki. Nikasema sawa, tutabaki. Yeye akaliangalia lile daftari kwa muda mrefu, halafu akalifunga. Yaliyobaki atasema mwenyewe, mimi niko na nguo kwenye beseni.

19:21 Shangazi Zainabu: Salma mwanangu, ulimi hauna mfupa. Nimekukosea, tena mbele ya watu.

19:22 Salma: Yameisha Shangazi.

19:23 Ami Athumani: Hayajaisha, lakini ahsante.

19:41 Idi: Waaleikum salaam. Nimekwama Mombasa Road hapa Bellevue, nauli imetoka 100 hadi 200, kando yetu wenye magari wanapita ile barabara ya kulipia kama mshale. Shangazi shikamoo. Ni kweli. Nilikataa Jumatatu. Nilitaka nije Jumapili niseme ana kwa ana, umbea ukaniwahi.

19:42 Shangazi Zainabu: Marahaba. Sababu?

19:49 Idi: Nitaandika ndefu, msiniharakishe, simu iko 14%.
Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani mchana, jambo ambalo si la kawaida. Nasra akanifungulia mdomo. Nikamwambia hongera mama, jino limeng'oka lini? Akanitazama kama mtu anayeulizwa na mgeni choo kiko wapi. Akasema, "Baba, hili ni jino jipya." Nikasogea. Kweli, limeshachomoza, ncha yake ina vijinojino kama msumeno, sikujua meno ya mtoto huota hivyo. La zamani lilitoka wiki tatu nyuma, wakalirusha juu ya paa, majirani wakapiga makofi. Salma alinitumia picha siku hiyohiyo. Nikaitafuta. Ipo. Na chini yake kuna dole gumba langu 👍🏾, saa 11:20, nikiwa kwenye kikao.

19:51 Shangazi Zainabu: Yaani 385,000 umeziacha kwa sababu ya jino.

19:51 Hamisi: 😂😂😂 samahani

19:53 Idi: Sio jino peke yake. Natoka saa kumi na nusu alfajiri amelala, narudi saa tatu usiku amelala. Hapa hapa Nairobi, chini ya paa moja. Nikienda Dubai tofauti itakuwa nini kwake? Labda atanipata zaidi, kwa simu 😅 Hilo ndilo lililonitisha.

19:55 Rukia: Naweza kusema kitu?

19:55 Shangazi Zainabu: Hapana.

19:57 Rukia: Watu wa Harvard walianza mwaka 1938 kufuatilia wanaume 268 waliokuwa wanafunzi pale, baadaye wakaongeza vijana 456 wa mitaa maskini ya Boston. Waliwafuata mpaka uzeeni, damu, kazi, ndoa, kila kitu. Walichokuta ni kwamba kilichowaweka watu na afya na furaha uzeeni zaidi ya pesa na vyeo ni uhusiano mzuri na watu wao wa karibu. Tulifundishwa darasani.

19:58 Shangazi Zainabu: Hao wa Harvard walikuwa wanalipa kodi ya nyumba kwa nani?

19:59 Rukia: Mama ndio maana wakachukua na wale maskini

19:59 Shangazi Zainabu: Na hao maskini, mmoja wao akipewa kazi ya dirhamu angeikataa? Mchumia juani hulia kivulini.

20:04 Hamisi: Shangazi, kwenye hiyo methali mimi ni shahidi. Kivulini tulikaa sisi. Aliyechuma alibaki juani.

20:05 Ami Athumani: Unanisema mimi?

20:06 Hamisi: Siwezi kukusema Mzee. Nasema jua.

20:15 Ami Athumani: Basi nitasema mwenyewe. Nilikwenda Jeddah 1994, nikarudi kabisa 2003. Dereva wa lori. Bati lililo juu ya kichwa cha Bibi leo ni la Jeddah. Meza ya kwanza ya Gikomba na belo la kwanza la mitumba ni Jeddah. Sitasimama hapa niseme nilipoteza miaka, maana mlikula. Simu ilikuwa ghali, barua inachelewa, kwa hiyo tulitumiana kanda. Mtu akija likizo anabeba kanda za watu kumi. Usiku naweka kwenye redio ya lori nasikia watoto wangu. Nilikuwa nazijua sauti zenu kuliko sura.

20:22 Hamisi: Na mimi niseme upande wetu. Mama alikuwa anaziweka kanda kwenye kopo la Kimbo. Siku ya kurekodi tunakaa mkekani, anabonyeza, tunasema tulivyoambiwa: Baba hujambo, tunasoma vizuri, tuletee viatu. Miaka minane niko na uzoefu wa kuomba viatu kwa redio, na sijui baba yangu ana urefu gani. Ulipokuja likizo 1999 nilikupa mkono kama mwalimu mkuu.

20:24 Ami Athumani: Hilo hukuwahi kuniambia.

20:25 Hamisi: Nilikuwa nimevaa viatu, Mzee. Ningeanzia wapi?

20:33 Ami Athumani: Kanda ninayo moja mpaka leo. TDK. Mnahesabu moja mpaka ishirini. Wewe unaruka kumi na sita.

20:33 Hamisi: Bado naruka 😂

20:34 Hamisi: Mzee kesho asubuhi nitapitia pale mezani kwako. Usifungue kabla sijafika, nitasaidia kutandika nguo.

20:34 Ami Athumani: Njoo na chai.

20:41 Aisha (Leeds): Jamani nimetoka zamu ndefu nikakuta ujumbe 50. Ngoja nisome.

20:52 Aisha (Leeds): Nimesoma. Idi umefanya lako na ni sawa. Lakini naona mazungumzo yanaelekea mahali ambapo aliyeondoka ndiye asiyependa watoto wake. Mimi nilikuja baada ya ule mkataba wa wauguzi wa Kenya na Uingereza wa 2021. Nilikaa nyumbani na cheti kabatini miezi mingapi, mnajua. Yusufu alibaki na Mama akiwa na miaka mitano. Hakuna jino nililoliona pia. Sikuwa na kazi ya kukataa ndipo nibaki, nilikuwa na kubaki bila kitu.

20:54 Aisha (Leeds): Mwaka 2024 Benki Kuu ilisema tulio nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Humo ndani kuna dawa ya presha ya Bibi. Nasema tu.

20:55 Shangazi Zainabu: Sema mwanangu, sema.

20:57 Idi: Aisha, kweli kabisa. Mimi nina mshahara na mke mwenye mshahara, ndiyo maana naweza kukataa. Kama nisingekuwa nao ningekuwa uwanja wa ndege usiku huu, jino au bila jino.

20:58 Aisha (Leeds): Basi tumeelewana. Nasra mpe busu. Mwambie shangazi yake anataka picha ya huo msumeno.

21:02 Salma: Amelala. Alimngoja babake mpaka saa mbili na nusu.

21:02 Idi: Niko Taj Mall panaitwa sijui nini siku hizi, pale palipobomolewa. Bado.

21:05 Idi: Na kwa kuwa tumeshafungua, nimalize. Kuna jingine.

21:05 Hamisi: Ai.

21:09 Idi: Hata hii kazi ya sasa naiacha. Mwisho wa mwezi ujao. Nimepata uhasibu kwenye shule moja Eastleigh. Mshahara 75,000. Sasa hivi nalipwa 130,000, Shangazi usimtafute kijana wa M-Pesa, ni 55,000 chini. Naingia saa mbili, natoka saa kumi. Na shule ikifungwa tunafunga.

21:10 Rukia: Woi

21:10 Shangazi Zainabu: Idi.

21:11 Shangazi Zainabu: Idi mtoto wa marehemu kaka yangu.

21:15 Shangazi Zainabu: Sijasomea Harvard. Nilikaanga viazi karai pale kona miaka kumi na moja, mikono hii ina alama za mafuta mpaka leo. Babako alipofariki hukuwa umemaliza darasa la nane. Ulipotaka kusomea uhasibu, hiyo CPA, nikauza bangili zangu mbili, za harusi, kwa Msomali pale Eastleigh, akazipima kama anapima sukari. Sikuuza ili urudi Eastleigh kuhesabu karo za watoto wa watu.

21:17 Idi: Najua Shangazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulinituma soda ili nisione.

21:18 Shangazi Zainabu: Uliona?

21:18 Idi: Soda nilinunua nikairudisha.

21:24 Idi: Nilijaribu kukaa. Nilimwomba bosi niwe natoka saa kumi na moja siku mbili tu kwa wiki, kazi nyingine niimalizie nyumbani. Jibu lilikuwa likizo ya sheria ni siku 21 kwa mwaka, zitumie. Nasra alipozaliwa sheria ilinipa wiki mbili, nikaitwa siku ya tisa, nikaenda, tena nikijiona mtu muhimu. Mimi pesa naipenda, Shangazi, asikwambie mtu. Nimeona tu ninachokilipia.

21:26 Shangazi Zainabu: Na Rukia? Karo ya Rukia iko kwa nani?

21:29 Idi: Mwaka huu wote nimeshaweka kando, iko kwenye akaunti ya Salma ili nisiiguse. Mwaka wa mwisho nitatoa nusu. Mchango wa Bibi haubadiliki hata shilingi. Kinachosimama ni Joska. Msingi umeshaota nyasi, wacha uote. Na Utawala tunahama, tumepata vyumba viwili California. Kwa Bibi ni kwa miguu.

21:30 Rukia: Nusu nyingine mimi nimeshajaza fomu ya mkopo wa wanafunzi wa HELB. Tangu mwezi uliopita. Sikusema kwa sababu ungesema nasoma kwa deni.

21:31 Shangazi Zainabu: Kumbe nyote mlikuwa mnapanga, mimi ndiye mgeni humu.

21:32 Rukia: Mama sio hivyo

21:33 Ami Athumani: Mwacheni apumue.

21:47 Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:52

21:48 Hamisi: Niko kwa kinyozi, muziki juu. Nani aandike?

21:55 Rukia: Bibi anasema hivi, naandika kama alivyosema. "Haloo. Haloo. Inashika? (Anaulizwa na yule mpangaji wa chumba cha tatu, anasema inashika.) Nimesomewa yote. Zainabu acha kelele, utapandisha presha halafu tuwe wawili. Idi, babako alikuwa kondakta wa basi, alikuwa anakuja hapa mchana kula na kurudi kazini, wenzake wakimcheka. Sasa. Gesi imebaki kidogo. Jumatatu ni kliniki, sijui nani ananipeleka. Na ile balbu ya ukumbini imeungua wiki ya tatu leo, napapasa ukuta kwenda chooni kama mwizi, kikundi kina watu kumi na nne. Haya. Nazima wapi hapa." Halafu kuna kuku.

21:56 Hamisi: 😂😂 watu kumi na nne

21:57 Ami Athumani: Gesi naleta mimi kesho.

21:58 Salma: Jumatatu mimi nina vipindi asubuhi, nitaweza baada ya saa sita.

21:59 Aisha (Leeds): Saa sita laini ya kliniki itakuwa imefika barabarani. Nitumie pesa ya teksi aende mapema na nani?

22:00 Idi: Na mimi. Nimeomba Jumatatu, moja ya zile 21.

22:03 Idi: Nimefika. Simu 2%. Nasra ameacha kiti mlangoni ili nikifungua kigonge aamke.

22:04 Salma: Ameamka.

22:41 Shangazi Zainabu: Idi.

22:58 Shangazi Zainabu: Hiyo shule inalipa tarehe ngapi?

23:02 Salma: Simu yake iko kwenye chaji Shangazi. Anasema tarehe 28.

23:04 Shangazi Zainabu: Basi mchango wa Bibi tuuhamishe kutoka tarehe 25 uwe 29, ili mtu asianze kufuliza, kukopa kwa M-Pesa. Salma, Jumapili njoo na mtoto mapema, nitakuwa na viazi karai. Sijakubali lakini. Andikeni kwamba sijakubali.

23:05 Rukia: Imeandikwa 🙏🏾

23:07 Ami Athumani: Na anayeleta balbu, pale ukumbini ni ya pini, si ya skrubu. Mara ya mwisho Hamisi alileta ya skrubu, iko juu ya kabati mpaka leo.